Vikombe Vilivyorudi Vimejaa

Tumaini alipokuja kugonga mlango wangu asubuhi ile, sikumwacha hata amalize shikamoo. Alikuwa amejifunga khanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na macho yamevimba. "Mama ametutoka, Bibi," akasema, akakaa chini kwenye mkeka kama mtoto, mtu mzima yule mwenye watoto wake wawili. Tukalia kidogo. Editha Komba alikuwa ameugua muda mrefu, hakuna aliyesema hakutegemea, lakini kutegemea ni jambo moja na kuambiwa ni jingine. Nikamuuliza nani yupo nyumbani, nani amekwenda kwa padri, nani amepiga simu Mbinga kwa mjomba wake Wolfram. Akanijibu yote. Halafu akafuta uso na ncha ya khanga. "Kuna neno, Bibi. Mama alisema chai ya msiba wake aipike Mama Gau, yaani wewe. Alisema juzi, akasema tena jana mchana. Alinishika mkono, nikaapa."

Mwingine angeona ni heshima, na mimi nilimjibu kwa mdomo wa heshima: nitakuja, mwanangu, tangulia, tafuta sufuria kubwa ile ya jumuiya. Lakini alipotoka nilibaki nimeshika nguzo ya mlango. Mimi ni bibi sasa, nimezika wengi, nimepika kwenye misiba ya Songea hii mpaka moshi umenila macho. Ugali nitapika, maharage nitapika. Chai ya Editha ndiyo iliyonitia hofu, hofu ile ile ya zamani. Nikakaa kitandani nikaukumbuka mwaka ule wote.

Miaka ya ruksa, Serikali ilipofungulia biashara, ilikuwa imekwisha kukolea. Mitumba imejaa sokoni, maduka ya Majengo yanauza redio na mafuta ya kujipaka ya kila rangi, na watu binafsi wakaruhusiwa kununua mazao ambayo zamani yalipita kwenye ushirika tu. Kampuni moja ikaja ikapanga nyumba nyuma ya soko la Majengo: vyumba vitatu vya ofisi, ua wenye ukuta wa tofali za kuchoma, na jiko la nje lenye paa la bati. Walinunua mahindi Madaba na korosho upande wa Tunduru. Mimi nilichukuliwa kupika na kusafisha. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo kazi ile niliipokea kwa mikono miwili. Meneja alikuwa Bwana Mwalyego, Mnyakyusa, mnene, mpole wa sauti, aliyewahi kuwa fundi wa mashine za kusaga kabla hajapanda cheo. Dereva alikuwa Mzee Issa Chitete, Myao wa Nakapanya, mtu wa swala tano. Mlinzi alikuwa Baba Ditrick Nungu, ambaye alitakiwa kwenda kulala asubuhi lakini haendi mpaka anywe chai ya saa nne. Na karani mpiga chapa alikuwa Editha, msichana wa nywele za kalikiti, zilizotiwa dawa ya kujikunja, zinazong'aa mafuta, pete kwenye kidole kimoja, na tumbo ambalo mwezi wa tano lilianza kuonekana. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia. Hilo aliniambia mwenyewe jikoni, akimenya viazi pamoja nami, maana tulikuwa marafiki. Alikuwa akiniita dada.

Chumba cha Editha ndicho kilichokuwa na laptopu. Siku ilipoletwa tulikwenda wote kuiangalia, Baba Ditrick akauliza kama ndiyo televisheni. Ilikuwa nyeusi, nzito, inafunguka kama kitabu cha misale. Bwana Mwalyego aliweka sheria yake siku hiyo hiyo. Kwenye mashine za kusaga alizoea kwamba katikati ya asubuhi injini lazima ipumzike, la sivyo inachemka na kuvunja ringi. "Hii nayo ni mashine," akasema. "Saa nne watu tukinywa chai, nayo ipumzike. Ikirudi inakuwa na nguvu." Editha alikuwa amefundishwa kwamba kuna namna ya kuiamuru ijizime na kujiwasha yenyewe, ianze upya. Basi akaona hiyo ndiyo njia nzuri: anabonyeza, anageuka kupokea chai, na akimaliza andazi lake anakuta mashine imeshaamka inamsubiri. Kwa hiyo kila nilipoingia na sinia, Editha alikuwa anabonyeza. Wakati huo sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nawaza sukari.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Chai yangu naijua: majani yachemke na tangawizi iliyopondwa, maziwa yaingie mwisho, iliki kidogo kwa ajili ya Mzee Issa aliyeipenda. Maandazi, au magimbi, au viazi vitamu vya kuchemsha msimu wake. Walikaa wote chumbani kwa Editha kwa sababu ndicho chenye jua la asubuhi, na Songea mwezi wa sita ni baridi ya kutetemesha. Walitaniana. Mzee Issa alikuwa akimwambia Bwana Mwalyego kwamba Wanyakyusa wanakula ndizi mpaka wanafanana nazo, na meneja anacheka mpaka chai inamwagika kwenye tai. Nilisimama mlangoni na birika nikisubiri nani anataka kuongezewa. Ilikuwa raha, kusema kweli. Nilikuwa na watu wangu.

Mwezi wa saba shangazi yangu Kristina alifariki Madaba, nikaomba ruhusa nikaenda kuzika. Wiki hiyo hiyo alipita mtu wa kampuni akitokea Mtwara. Aliichomekea laptopu kadi ndogo ubavuni, kadi ya simu, ili Editha aweze kupeleka faksi Dar bila kwenda posta. Aliichomeka asubuhi, akala chakula cha mchana, akaondoka. Mimi nilirudi kutoka msibani siku iliyofuata, nimenyoa nywele kwa ajili ya shangazi kama ilivyo kwetu, nimevaa kitambaa cheusi. Saa nne nikachemsha chai, nikaingia na sinia. Editha akabonyeza kama kawaida. Kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi.

Mtu asiyewahi kuona atasema ni kitu kidogo. Taa moja ndogo ya kijani inawaka pembeni, ndani kuna mlio mwembamba kama wa mbu, na kioo hakuna kitu, giza tupu. Tulikunywa chai, ikaisha. Bwana Mwalyego akaipiga ubavuni kwa kiganja kama anavyopiga mashine ya kusaga. Mahesabu yote ya kampuni yalikuwa humo. Nilikusanya vikombe, nikaenda kuosha, nikapanguza meza ya jikoni, nikaanza kuchambua maharage, ndipo nikasikia Editha anapiga kelele: "Imerudi!" Siku ya pili vile vile. Asubuhi akiiwasha inaamka mara moja, kama jogoo. Saa nne nikiingia, inakufa. Nikitoka kuosha vyombo, baada ya muda mrefu, inafufuka.

Siku ya nne au ya tano nilikuwa nimeinama nyuma ya dirisha la ofisi nikiokota kuni, na dirisha lilikuwa wazi. "Mzee Issa, umeona?" Ilikuwa sauti ya Editha, ya chini. "Kila dada akiingia na sinia."

"Nimeona tangu juzi," akajibu Mzee Issa. "Nimenyamaza tu. Kabla hajakwenda Madaba ilikuwa hivi?"

"Haikuwa."

"Basi. Wallahi mimi simsingizii mtu. Lakini kule alikokwenda amerudi na kitu. Pengine hata yeye hajui. Shangazi anakufa, mzigo lazima umwangukie mtu."

Halafu Editha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia baridi mgongoni. "Mimi nina mtoto tumboni, Mzee Issa. Kama anaweza kuzima mashine..." Hakumaliza. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale na kuni mkononi, na sikuthubutu kuzidondosha kwa sababu ya mlio.

Kesho yake kikombe cha Editha kilirudi kimejaa. Chai imepoa, imefanya utandu juu. Nilijiambia ni mimba, mimba inakataa vitu. Kesho kutwa kikarudi kimejaa, na cha Mzee Issa kimejaa. Niliposimama mlangoni na birika nikauliza, "Niongeze?", Editha akaweka kiganja juu ya kikombe chake bila kuniangalia. Bwana Mwalyego alikunywa nusu kwa adabu. Baba Ditrick peke yake ndiye aliyemaliza, lakini Baba Ditrick angekunywa hata maji ya betri. Mimi ni mpishi, naomba mnielewe. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Mtu akirudisha kikombe chako kimejaa, utamjibu nini? Nilivimwaga nyuma ya jiko, kwenye mgomba, na nikawa naangalia mlangoni nisije nikaonekana namwaga, maana na hilo lingepata maelezo yake.

Neno likatoka nje ya ukuta. Jioni nilikuwa nauza maandazi barazani nilipopanga, karibu na mashine ya kukoboa. Nikaona watoto wa jirani wanatumwa kuvuka barabara kununua ya mtu mwingine, yaliyo madogo na ya mafuta ya jana. Jirani mmoja niliyemzoea, Mama Mapunda, ambaye tulisalimiana kila asubuhi "Mgonili, mgonili," akaanza kuvuta mtoto wake upande wa pili nikipita. Nilikuwa nasikia kicheko nyuma nikigeuka kinakatika. Huko kwetu tulijua habari za wanawake waliochomewa nyumba. Tulijua majina yao. Nikaanza kuogopa mikono yangu mwenyewe. Siku nyingine, nikiwa nimebeba sinia, nilijikuta nasali Salamu Maria nikivuka ua. Nilimwomba Mungu jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliomba: kwamba kioo kiwe na picha nikiingia. Nikaingia. Cheusi. Vikombe vikagongana kwenye sinia, na wote wakainua macho kwa ule mgongano. Ndipo hata mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujiuliza kama kweli nimerudi na kitu.

Mzee Issa ndiye aliyekuja jikoni kunieleza. Alikuja kwa heshima, akavua kofia, akakaa kwenye kinu kilicholala. "Mama Gau, mimi si adui yako. Huko kwetu mambo haya yana dawa. Kuna mzee mmoja ng'ambo ya Tunduru, ananyoa. Mtu ananyolewa, anapewa maji ya kunywa, yamekwisha. Hata kama alikuwa nacho, kinatoka, na hawezi tena. Mimi mwenyewe nimenyolewa, na mama yangu, na mke wangu. Unarudi mwepesi kama pamba."

"Mimi kichwa changu hiki, Mzee Issa," nikamwambia, nikavua kitambaa. "Kimeshanyolewa kwa ajili ya shangazi. Atanyoa nini?"

Akatabasamu kidogo. "Zitakuwa zimeota. Na hauendi peke yako. Anayeshuku na anayeshukiwa wote wananyolewa siku moja, ndiyo sheria, ili asibaki mtu wa kumcheka mwenzake. Mimi nitaendesha gari. Twende wote wa ofisi."

Habari hiyo ilipofika ofisini ilizua kizaazaa. Editha akashika kalikiti yake kwa mikono miwili. "Mimi? Nywele hizi? Mzee Issa, unajua nilikaa saluni tangu asubuhi mpaka jioni?" Bwana Mwalyego akapapasa upara wake akasema yeye ameshatangulia. Na Baba Ditrick, aliyekuwa mlangoni na bilauri yake, akauliza, "Na mashine nayo wataipaka sabuni wapi?" Walicheka. Nami nilikuwa ukumbini na ufagio, nikasikia kicheko, na nilitamani kucheka pamoja nao. Lakini niliona pia kwamba hawakucheka kama watu wasioamini. Meneja alisema Jumamosi gari litakuwa na nafasi. Nikakubali. Nilikubali kwa woga, si kwa imani. Padri wetu, Padri Egno, angenitenga kwenye komunyo kama angejua. Nilijua pia kwamba nikishakwenda huko, mji mzima utasema, aha, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kutolewa. Nikikataa kwenda, watasema anaficha. Nililala nikikodolea dari macho.

Alhamisi, kabla ya Jumamosi hiyo, akafika fundi kutoka Dar. Kampuni ilimtuma kwa sababu makao makuu walilalamika kwamba faksi za Songea zinakuja vipande. Aliitwa Temba, Mchaga, mwembamba, shati la mikono mirefu, mkoba uliojaa disketi na bisibisi ndogo kama za kutengenezea saa. Hakujua lolote la habari zetu. Nilimpikia, akala, akasifu mchuzi. Kesho yake Ijumaa saa nne niliingia na sinia, Editha akabonyeza, giza. Temba akatazama kioo, akatazama chumba. Akaona wote hawaangalii kioo, wananiangalia mimi.

"Kuna nini?" akauliza.

Mwisho Baba Ditrick, kwa kuwa hana breki, akasema, "Mashine inamwogopa Mama Gau."

Temba hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. Akaniambia, "Mama, naomba uende sokoni ukaninunulie ndizi mbivu. Usirudi haraka." Nikaenda, nikazunguka soko zima la Majengo kama mwizi, ndizi nimenunua kwenye meza ya kwanza. Niliporudi nilimkuta ameianzisha upya mashine mara kadhaa. Akasema mbele ya wote, "Mama hakuwepo, na imeganda vile vile. Sasa Mama, njoo usimame hapa karibu kabisa." Akaizima moja kwa moja, taa ya kijani ikazimika, tukakaa kidogo, akaiwasha. Picha na rangi zikaja pale pale, nikiwa nimeikaribia kiasi cha kuisikia ina joto. Akanigeukia, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mama, usiku hapa analinda nani?"

"Baba Ditrick."

"Asubuhi akija Editha, Baba Ditrick anafanya nini?"

"Anafungua geti, anamkabidhi ufunguo, halafu anatakiwa akalale."

"Haya. Humu ndani kuna mlinzi. Alizaliwa na mashine, kiwandani, ni programu ndogo iliyoandikwa kwenye kibao chenyewe. Ukiwasha, yeye ndiye anaamka kwanza. Anazunguka anakagua: kibodi upo? Diski upo? Kadi ya simu upo? Wakiitika wote, anamkabidhi bosi ufunguo. Bosi ndiyo programu kubwa, ile yenye picha. Sasa Editha akisema ianze upya bila kuzimwa, bosi anatoka mbio na kuiacha kadi ya simu bado inamsikiliza yeye. Mlinzi anafika, anaiuliza, upo? Kadi haimjibu, inamngoja bosi aliyeondoka. Mlinzi huyu ni wa toleo la zamani, hajui kupita. Anasimama anauliza tu, mpaka achoke. Ukiizima kabisa, kadi inakosa umeme na kusahau yote. Mlinzi akiigusa, inaitika."

"Kwa hiyo mlinzi ndiye mwenye makosa," akasema Baba Ditrick, ameumia.

"Wote wawili. Hawajakubaliana namna ya kupokezana zamu."

Nilifikiri imekwisha. Nilitazama nyuso. Mzee Issa alikuwa anatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Bwana Temba, maneno yako mazuri. Lakini wenye mambo haya wanaweza kufanya wakiwa hata sokoni. Sokoni ni karibu." Na Editha alikuwa ameshika tumbo. Pale ndipo niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu niliona hakuna ushahidi utakaowatosha. Temba akatuangalia, akakuna shingo, akasema kuna njia moja. Alikuwa na disketi yenye mlinzi mpya. Angemwondoa wa zamani na kumweka mpya, na baada ya hapo mashine ianze upya hata mara mia. "Ila naomba mnisikilize. Nikishaanza, umeme ukikatika katikati, wa zamani ameshaondoka na mpya hajaingia. Mashine haitaamka tena. Itakuwa sinia tu, ya kubebea chai. Na betri yake imekufa."

Mnajua umeme wa Songea wa miaka ile. Ulikuwa wa jenereta za dizeli, unakuja kwa zamu, unapepesa macho kama mgonjwa. Bwana Mwalyego akajifuta jasho kwenye baridi ile. Akauliza ikiwa sinia, nani atabeba lawama. Temba akasema atakuwa ameiua yeye. Mzee Issa akasema kwa upole, "Hapana, hatasema mtu kwamba umeiua wewe." Wote tulielewa. Nilitaka kutoka. Nilishika mlango nitoke nikakae jikoni, nifungashe, nipande gari la Njombe jioni ile ile nishukie Madaba nisionekane tena. Temba akaniambia, "Mama, kaa." Editha, wakati huo huo, "Dada, toka, tafadhali." Bwana Mwalyego akatuangalia mmoja mmoja. "Akae," akasema. "Tumalize leo."

Nikakaa kwenye kigoda pembeni ya kabati, sinia mapajani, vikombe bado vina chai. Temba akachomeka disketi. Mashine ikaanza kukoroma, mstari mweupe ukawa unatambaa kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, taratibu, kama siafu. Nje mtu alikuwa anapigia kelele mbuzi. Mstari ulipofika katikati, taa ya dari ikafifia. Ikawa ya manjano, ikawa nyekundu kama kaa la moto, uzi wake tunauona. Nikasikia Mzee Issa anavuta pumzi na kusema jina la Mungu. Nikasikia macho yao yamenigeukia, kweli yanasikika. Sikuweza kuinua kichwa. Nilitazama chai kwenye kikombe kilichokuwa mbele yangu, na uso wa chai ulikuwa unatetemeka mduara ndani ya mduara, na nilijua ni mimi ninayetetemeka. Niliwaza vitu vya kijinga: kwamba ufunguo wa chumba changu niuache kwa nani. Kwamba shangazi Kristina angekuwepo angewaambia neno. Taa ikabaki vile, nyekundu, muda ambao siwezi kuuelezea. Halafu ikapanda. Ikawa manjano, ikawa nyeupe. Mstari ukaendelea kutambaa. Ukafika mwisho.

Temba akabonyeza ianze upya. Kioo kikawa cheusi, na kabla sijamaliza kusema "Yesu," picha ikaja. Akarudia. Ikaja. Bwana Mwalyego akapiga kofi meza. Baba Ditrick akasema mlinzi mpya apewe mshahara wa mlinzi wa zamani. Mzee Issa akanyanyuka, akaja pale nilipo, akachukua kikombe kwenye sinia mapajani mwangu, chai imeshapoa kabisa, akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta ndevu. "Astaghfirullah," akasema. "Nisamehe, Mama Gau. Hii iliki umeweka kama ninavyopenda." Nikalia, nikacheka, sijui kipi. Jumamosi gari likaenda Madaba kuchukua mahindi, halikwenda ng'ambo ya Tunduru.

Editha naye alichukua kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, midomo yake ikawa karibu kabisa na chai. Nilisubiri. Akakiweka chini. Nilipokusanya vikombe, chake kilikuwa kimejaa, na kilirudi kimejaa mpaka alipokwenda likizo ya uzazi. Tumaini akazaliwa salama, kabla ya Krismasi, mzito, mwenye sauti. Nilikwenda kumwona nikasimama mlangoni, sikuomba kumpakata. Mwaka uliofuata kampuni ikafunga ofisi, laptopu ikaenda Mtwara, kila mtu akashika njia yake. Lakini Songea ni ndogo. Tuliishi mji mmoja miaka hiyo yote, mimi na Editha. Tulisalimiana kanisani, tulichangiana harusi na misiba, aliniletea khanga mguu wangu ulipovunjika. Kwangu alikuja mara nyingi. Hakunywa kitu. "Nimetoka kunywa sasa hivi, dada." Nami sikumlazimisha. Nilimwelewa kuliko alivyofikiri: mashine ilipona kwa disketi, yeye angewekewa disketi wapi? Mtu aliyeogopea mtoto wake tumboni, woga ule unabaki hata mtoto akishakuwa na watoto.

Basi siku ya msiba nilipika. Sufuria ya jumuiya, kuni tatu nene, tangawizi nikaiponda mwenyewe, sikumpa mtu. Iliki nikatia, ingawa Mzee Issa ametangulia miaka mingi, kule Nakapanya. Wasichana wakabeba sinia wakatoka nazo kwa waombolezaji, ua mzima umejaa, wengine ni wa Majengo ya zamani, wanaokumbuka. Mama Mapunda alikuwepo, kiti cha mbele, na fimbo yake. Nilibaki nyuma ya ukuta wa jiko, nimeshika nguzo, siangalii. Nilikuwa nasikiliza. Nilijua sauti ya kikombe kilichojaa kikiwekwa kwenye sinia, ni nzito, haina mlio. Niliisubiri kwa masikio yote mawili, bibi mzima.

Sinia ya kwanza ikarudi, na vikombe vilikuwa vinalia, vinagongana vyepesi. Tumaini ndiye aliyeibeba. Akaiweka chini karibu na miguu yangu, nikainama nikatazama. Majani kidogo ya chai kwenye vitako, basi.

"Bibi," akasema, akipangusa jasho, "wanauliza kama ipo nyingine."